KIVUNJAJUNGU: ASIYEONEKANA NA ASIYEKUWEPO SI MAMOJA

Kabla sijafika mbali naomba nianze na jina. Kivunjajungu ni yule mdudu mwembamba, aghalabu wa kijani au wa rangi ya majani makavu, anayekunja miguu yake ya mbele kana kwamba yuko katika sala. Wengine humwita vunjajungu tu. Jina hilo lina kisa. Wazee waliamini kwamba ukimgusa, chombo kitakachofuata kuingia mkononi mwako hakina budi kuvunjika. Nadhani imani hiyo imemwokoa na mikono ya watoto wengi! Wanachama wenzangu nao wasisahau sarufi: ijapokuwa jina lina kiambishi ki-, yeye ni kiumbe hai. Twasema kivunjajungu huyu anawinda, wala si kivunjajungu hiki kinawinda.

Duniani kuna zaidi ya aina 2,400 za vivunjajungu. Simba na ndovu wana watu wa kuwahesabu. Je, kivunjajungu anahesabiwa na nani? Katika makala haya nataka tujifunze jinsi wataalamu wanavyoamua kama mdudu yu salama au yu hatarini, na kwa nini uamuzi huo ni mgumu kuliko tunavyodhani. Nitatumia mifano miwili kutoka Ulaya, kisha turudi hapa kwetu.

Mfano wa kwanza: anayejulikana kwa mwili mmoja

Karibu na mji wa Tolentino, nchini Italia, mnamo mwaka 1871 hivi, alikamatwa kivunjajungu mmoja mdogo. Akakaushwa, akahifadhiwa. Ilipofika mwaka 1963 ndipo mtaalamu Kaltenbach alipomweleza kisayansi na kumpa jina Ameles fasciipennis. Hebu piga hesabu: ni miaka 92 tangu akamatwe hadi apewe jina! Na huyo mmoja ndiye wa kwanza na wa mwisho. Wa aina yake hajapatikana tena. Mwaka 2020 akawekwa katika daraja la walio hatarini mno, pamoja na neno kwamba huenda ameshatoweka.

Zingatia neno "huenda". Kwa nini wasiseme tu amekwisha? Kwa sababu mdudu mdogo anayefanana na jani anaweza kukaa hatua mbili kutoka kwako na usimwone. Kutoonekana ni habari inayomhusu mtafutaji kwanza, kisha ndiyo inamhusu mdudu.

Mfano wa pili: asiye na mabawa

Huyu anaitwa Apteromantis aptera, naye anaishi Uhispania na Ureno tu. Urefu wake ni kama sentimita 3, na makazi yake ni nyasi kavu na vichaka vya nchi zile za kiangazi kikali. Alielezwa na kasisi mmoja Mhispania, José María de la Fuente, mwishoni mwa karne ya 19. Dume na jike, wote hawana mabawa.

Jambo hilo si dogo. Hapa kwetu, usiku taa za bweni zikiwaka, vivunjajungu huja wenyewe ukutani, hasa madume, kwa kuwa wao ni warukaji hodari. Mtafiti naye hutumia hila iyo hiyo ya kuwasha taa. Lakini asiye na mabawa hawezi kuifuata taa. Lazima uiname, upekue nyasi kwa mkono na kwa wavu, kichaka baada ya kichaka. Ndiyo maana wa namna hii husomwa kidogo. Tena shamba lake likilimwa au likichomwa, hana uwezo wa kuruka aende kilima cha pili. Kwa hivyo ukosefu wa mabawa unamfanya awe mgumu kuonekana na mwepesi kuangamia kwa wakati mmoja.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1992 kuhusu makazi ya viumbe ilimtaja miongoni mwa wanaopaswa kulindwa, naye ndiye kivunjajungu pekee ndani ya orodha hiyo. Hata hivyo, kulindwa na kujulikana ni vitu viwili. Mwaka 2014 watafiti wa Italia na Uhispania walichapisha uchunguzi wao juu yake. Walipima maumbile ya wadudu wa porini, wa maabara na wa majumba ya makumbusho, kisha wakachunguza chembe za urithi. Ya nini taabu yote hiyo? Ni kwamba kulikuwa na utata kuhusu majina ya jamii hii, nawe huwezi kuhesabu watu wa nyumba kabla ya kujua kama nyumba ni moja au ni mbili.

Orodha Nyekundu

Shirika la kimataifa la uhifadhi lijulikanalo kama IUCN, lililoundwa mwaka 1948, ndilo linalotunza Orodha Nyekundu ya viumbe tangu mwaka 1964. Wataalamu huuliza hasa maswali matatu: Wamebaki wangapi? Wanaishi katika eneo la ukubwa gani? Wanapungua au la? Kwa upande wa eneo, anayeenea chini ya kilomita za mraba 20,000 anaweza kuhesabiwa yu hatarini. Chini ya 5,000, hatari kubwa. Chini ya 100, hatari kubwa mno. Lakini eneo dogo peke yake halitoshi. Ni lazima kuwe na dalili nyingine, kama vile makazi kukatikakatika na kuharibika.

Lipo pia daraja la "taarifa pungufu", na wapo wasiotathminiwa kabisa. Hapa ndipo watu wengi huteleza. Wakisikia mdudu hayumo katika orodha ya hatari, hudhani yu salama. La hasha! Kimya cha daftari si cheti cha afya.

Na sisi je?

Jike la kivunjajungu hutaga mayai ndani ya povu linalokauka na kuwa kifuko kigumu kwenye kijiti, bua au ukuta. Ua ukifyekwa wote siku moja na takataka zikatiwa moto, kizazi kizima kinakwenda na moshi, wala hakuna atakayejua kwamba kilikuwepo. Kwa hivyo nawaomba walimu wetu na wenzangu wa zamu ya usafi tuache ukanda mmoja wa nyasi bila kufyekwa, na sehemu iliyobaki tuifyeke kwa zamu.

Tuwe pia na daftari. Tuandike tarehe, mahali, kimea na rangi ya mdudu. Fauka ya hayo, tuandike tulitafuta kwa muda gani hata siku ambayo hatukupata kitu. Saa mbili za kutafuta bila kupata ni habari. Kutotafuta kabisa si habari. Mwanafunzi wa miaka 20 ijayo akilifungua daftari hilo, atakuwa na la kulinganisha, kitu ambacho watu wa Tolentino hawana.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mimi nangoja kurasa za kwanza.

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini wataalamu walisema "huenda" kuhusu mdudu wa Tolentino?
2. Eleza njia mbili ambazo ukosefu wa mabawa unamdhuru kivunjajungu.
3. Tunga sentensi mbili, ukitumia "kivunjajungu" na "vivunjajungu" kwa upatanisho ufaao.