Dawa ya Jumatatu ibaki ya Jumatatu

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 41, ni fundi cherehani hapa Tanga. Vidole vinanivimba, na asubuhi hupita saa nzima kabla sijaweza kushika mkasi. Hospitali wamesema ni baridi yabisi, wakanipa vidonge vilivyoandikwa Methotrexate ninywe kila Jumatatu, pamoja na foliki asidi. Wiki ya tatu hii, sioni nafuu. Jirani ananishauri ninywe kila siku, na amenigawia diklofenaki zake. Nimsikilize?
Fundi, Tanga

Marahaba, mwanangu, na pole kwa maumivu.

Usithubutu kunywa kila siku. Dawa hii hutuliza kinga ya mwili inayovishambulia viungo vyako, na kwa baridi yabisi hunywewa mara moja tu kwa wiki. Ikinywewa kila siku huweza kuzuia uboho usitengeneze damu, na wapo waliokufa kwa kosa hilo. Kama umeshaanza, nenda hospitali leo hata kama hujisikii vibaya.

Wiki tatu bado ni mapema. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya 6 na ya 12. Kama maumivu hayavumiliki, rudi kwa daktari. Anazo dawa za kukushikiza katika kipindi hiki.

Andika “Jumatatu” kwa kalamu kwenye pakiti. Kuna vidonge vya miligramu 2.5 na vya miligramu 10, kwa hiyo ukipewa vyenye rangi au umbo tofauti, uliza kabla hujaondoka dirishani. Ukisahau Jumatatu, unaweza kunywa Jumanne au Jumatano. Ikipita hapo, subiri Jumatatu ijayo, wala usirudufu dozi. Foliki asidi usiiache: hupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo. Inywe siku ulizopangiwa.

Diklofenaki mrudishie jirani. Huumiza tumbo na figo, na figo ndizo zinazoitoa Methotrexate mwilini. Daktari anaweza kuziandika pamoja, lakini baada ya kupima figo zako. Cha kuogopa zaidi ni Septrin, ambayo wengi wetu hukimbilia tukikohoa au mkojo ukiwasha. Ikikutana na dawa yako, damu inaweza kushuka vibaya. Popote utakapotibiwa, hata kwa jino, taja kwanza kwamba unatumia Methotrexate.

Pombe iache. Tumia uzazi wa mpango, kwa sababu dawa hii hudhuru mimba. Ukitaka mtoto, zungumza na daktari mapema. Usikose vipimo vya damu, ini na figo. Madhara huweza kuanza kimyakimya, na vipimo huyabaini kabla hujaugua.

Ukipata homa, koo kuuma, vidonda mdomoni, michubuko isiyo na sababu, macho ya manjano, au kikohozi kikavu na kukosa pumzi, usinywe dozi inayofuata. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ukienda kliniki, mweleze daktari kukakamaa kwa vidole asubuhi kunachukua muda gani na ni kazi zipi zinakushinda. Kwa maelezo hayo na majibu ya damu, ataamua kama dozi ipande. Uamuzi huo usiufanye wewe, wala jirani.