SOMO LA MWEZI: HOFU YA MAUTI NA MAJI YA CHUPA

Masomo: 2 Wafalme 20:1-7, Waebrania 2:14-15



Utangulizi

Katika darasa la vijana, kijana mmoja alitusimulia riwaya aliyoazima Mbarara. Mwanasayansi tajiri anatafuta dawa ya kutokufa. Ili aipate anawajaribia maskini kwa siri, nao wanakufa mmoja mmoja. Vijana walicheka, wakasema hayo ni mambo ya sinema. Tuliwajibu kwamba hayako mbali nasi, na somo hili limetokana na mazungumzo yale.

1. Kutaka kuishi si dhambi

Mfalme Hezekia alipoambiwa atakufa, aligeukia ukutani akalia, na Mungu akamwongezea miaka 15. Angalieni jinsi ilivyokuwa: Isaya alileta neno la Mungu, na pia akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Maombi na dawa havigombani.

Lakini Waebrania yatuonya kwamba hofu ya mauti humfanya mtu kuwa mtumwa. Sisi wakimbizi twaijua hofu hiyo. Tumezika njiani, na hapa Nakivale pia tumezika. Mtu akija na ahadi ya uzima, hutukuta mlango uko wazi.

2. Mama asiyeulizwa

Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, alitibiwa mama mweusi aitwaye Henrietta Lacks, mwenye watoto 5. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Madaktari walichukua kipande cha uvimbe wake kwa ajili ya utafiti bila kumwomba ruhusa. Alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo, akiwa na miaka 31. Lakini chembe zile hazikufa. Zaendelea kuzaana katika maabara za dunia hadi leo, nazo huitwa HeLa. Zilisaidia katika kuijaribu chanjo ya polio.

Jamaa zake hawakujua habari hiyo kwa zaidi ya miaka 20, na makampuni yalipata fedha. Mwaka 2023 ndipo kampuni moja kubwa, Thermo Fisher, ilipopatana na warithi wake. Faida ni kubwa, nasi tumeionja. Hata hivyo, jema lililopatikana baadaye halifuti kosa la kutomuuliza mwenye mwili.

3. Maji yaliyoletwa Uganda

Kuna maji wanayoyaita ya miujiza, kwa kifupi MMS. Wauzaji wake husema yanaponya malaria, ukimwi, saratani, karibu kila kitu. Ukweli ni kwamba yakichanganywa na asidi hutoa klorini dioksidi, kemikali inayotumika viwandani kung'arisha karatasi na nguo. Ukiyanywa waweza kutapika, kuharisha na kuishiwa maji mwilini.

Mwishoni mwa 2012, wilayani Luuka, mashariki mwa Uganda, wagonjwa wa malaria walinyweshwa maji hayo, kisha ikatangazwa kwamba 154 wamepona. Mwaka 2013 Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu lilijitenga waziwazi na madai hayo. Mei 2019 gazeti la Guardian la Uingereza liliripoti kwamba mchungaji mmoja kutoka Marekani alikuwa akiyasambaza Uganda kupitia wachungaji wapatao 1,200, nao wakiwanywesha waumini baada ya ibada. Waliofanya bidii walipewa simu. Oktoba 2023, mahakama ya Miami, Marekani, iliwafunga watu 4 wa familia moja waliokuwa wakiyauza kwa jina la kanisa.

Wapendwa, oneni njia iliyotumika. Hawakupitia kwa madaktari. Walipitia kwetu, kwa sababu mnatuamini.

4. Kosa letu wenyewe

Hatuwezi kufundisha somo hili kama watu wasio na doa. Kabla habari ya 2019 haijatufikia, mgeni mmoja alituletea sisi wachungaji chupa za dawa isiyo na maandishi. Tulimuuliza ina nini ndani. Alisema ni madini tu, tusiogope. Tuliona aibu kumuuliza tena, maana alikuwa ametuahidi pia mabati ya kanisa.

Jumapili ya tatu, mama mmoja wa Rubondo alileta mtoto mwenye homa kali. Tuliomba, kisha tukammiminia kikombe. Usiku ule mtoto alitapika hadi akalegea. Alfajiri mama alipanda naye boda hadi kituo cha afya. Wauguzi walimpima, wakakuta malaria kali, wakamchoma sindano za atesunati. Mtoto alipona. Mama alituuliza swali moja: "Baba Mchungaji, mlinipa nini?" Hatukuwa na jibu. Tulimwomba msamaha nyumbani kwake, halafu mbele ya kanisa.

5. Wazazi walioulizwa

Sindano ile ina historia, na sehemu yake iko Mbarara. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, watoto 5,425 wenye malaria kali, katika nchi 9 za Afrika, walitibiwa, wengine kwa kwinini na wengine kwa atesunati. Mbarara ilikuwa kituo kimojawapo. Wazazi au walezi walielezwa na kuombwa ruhusa. Kati ya waliopewa kwinini walifariki 297, na kati ya waliopewa atesunati walifariki 230. Hesabu ilitolewa wazi, pamoja na vifo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza atesunati kwa watoto wenye malaria kali.

Hapo ndipo tunapoona tofauti. Watafiti wale nao walikuwa wakitafuta uzima, lakini waliuliza, walieleza, na hawakuwaficha waliokufa. Hakuna aliyeahidiwa kwamba hatakufa. Aliyetoa ahadi hiyo kwanza ni nyoka, katika Mwanzo 3:4.

Basi, mtu akikuletea dawa, hata kama ni sisi, muulize: Ina nini ndani? Nani ameipima? Imewadhuru wangapi? Naweza kukataa? Asiyetaka kuulizwa, usinywe chake.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Ni hofu gani inayotufanya tukubali kitu bila kuuliza?
2. Kwa nini Isaya alitumia tini, hali alikuwa na neno la Mungu?
3. Je, kuna mgonjwa jirani aliyeacha dawa za kituo kwa sababu ya neno la mchungaji? Nendeni kwake wiki hii.

Ndimi watumishi wenzenu.