Kuuza Chakula Wakati wa Mavuno: Chanzo cha Umaskini wa Nyumba

Watu wengi hudhani ya kuwa umaskini wa mkulima hutokana na udogo wa shamba au uvivu. Mara nyingine ni hivyo. Lakini ziko nyumba zilimazo kwa bidii na kuvuna vema, na hata hivyo mwezi wa Januari hazina unga. Yafaa tuichunguze sababu yake.

Katika mikoa ya Tanzania yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma, Iringa na Ruvuma, mahindi huvunwa zaidi kati ya Mei na Julai. Siku hizo wauzaji ni wengi, na bei hushuka. Ifikapo Januari ghala nyingi ni tupu, wanunuzi ni wengi, na bei hupanda.

Tuchukue mfano. Watu sita, kila mmoja akila nusu kilo ya mahindi kwa siku, humaliza karibu magunia 11 ya kilo 100 kwa mwaka. Tuseme mwenye nyumba amevuna magunia 12, akauza 6 mwezi wa Julai kwa shilingi 50,000 kila moja, akapata 300,000. Sita yaliyobaki yatamfikisha Januari tu. Hapo amepungukiwa magunia 5, na bei imekuwa shilingi 100,000: atahitaji 500,000. Basi, hata kama hakutumia senti moja ya fedha zake, bado amepungukiwa 200,000.

Hasara kubwa ni hii: ili apate fedha hizo, huenda kufanya kibarua katika mashamba ya wengine, na huku lake linasongwa na magugu. Palizi ikichelewa, mavuno hupungua. Na mwaka ufuatao njaa hubisha hodi mapema zaidi.

Basi mkulima na afanye hivi:

1. Mume na mke wahesabu pamoja chakula cha mwaka kabla ya kuuza gunia la kwanza. Kiuzwe kizidicho tu.

2. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au mkeka, wala si juu ya udongo. Ili kuyapima, tia mahindi na chumvi kavu kidogo katika chupa kavu, uitikise. Chumvi ikigandama kwenye chupa, hayajakauka. Mahindi yenye maji huota ukungu uletao sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini Kenya.

3. Yapukuchuliwe kabla ya kuwekwa, kwa maana dumuzi hupenda zaidi mahindi yaliyo katika magunzi. Kisha yatiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, ifungwe sana. Wadudu waliomo watakufa.

4. Ada ya shule na madeni ndiyo yamshurutishayo mtu kuuza chakula. Kwa haja hizo afuge kuku au mbuzi, au apande alizeti, auze hivyo kwanza.

Wazee walisema, akiba haiozi. Lakini akiba ya mahindi huoza isipokaushwa, na huisha isipohesabiwa.