Ukitishiwa hataza kwa chachu yako

Unauza injera au togwa kwenye soko la Jumapili la Gare du Midi, Brussels, kisha inakujia barua ya wakili: njia yako ya kuchachusha ina hataza ya kampuni fulani, acha mara moja. Usiitupe, wala usijibu siku hiyohiyo.

Itafute namba ya hataza kwenye Espacenet, hifadhidata ya hataza mtandaoni, ni bure. Nenda moja kwa moja kwenye madai, hasa dai la kwanza, maana mipaka iko hapo. Kwa mfano, hataza ya Ulaya ya mwaka 2007 ya teff, nafaka ya injera, ilizungumzwa kana kwamba Mholanzi kaimiliki injera. Dai lenyewe lilihusu unga ambao nafaka yake, wakati wa kusagwa, ina kipimo fulani cha waokaji kisichopungua 250. Basi andika kila sharti la dai peke yake: kuvu gani, joto kiasi gani, saa ngapi. Likikosekana hata moja katika kazi yako, mdai ana kibarua kigumu.

Uliza pia kama hataza iko hai Ubelgiji. Mahakama ya The Hague ilipoifuta ile ya teff Novemba 2018, hukumu iliishia Uholanzi.

Kazi kubwa ni ushahidi kwamba njia hiyo ilijulikana kabla. Sheria ya Ulaya inatambua hata maarifa ya mdomo, mradi yalikuwa hadharani kabla ya ombi la hataza na uweze kuyathibitisha. Daftari la mama lililofungiwa kabatini halisaidii. Kitabu cha mapishi kilichochapishwa, tasnifu ya chuo, au shahidi aliyekuwa akiuza irsho, chachu ya injera, sokoni, hao wana uzito. Mwanasiasa Mbelgiji Magda Aelvoet, mwanaharakati wa India Vandana Shiva na IFOAM, shirikisho la kimataifa la kilimo hai, walipopinga hataza ya Ulaya ya kampuni ya W. R. Grace na serikali ya Marekani juu ya mafuta ya mwarobaini ya kuua kuvu wa mimea, walimleta Mhindi aliyekwisha kuyajaribu mashambani. Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikagonga mwamba 2005.

Pingamizi hupokewa ndani ya miezi 9 tangu hataza kutangazwa, kwa ada. Muda huo ukipita, tafuta wakili wa hataza. Lakini ombi likiwa bado linachunguzwa, yeyote anaweza kuiandikia Ofisi ya Hataza ya Ulaya kwa Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani, bila ada, bila wakili, hata bila jina, na kuambatanisha ushahidi wake.