Muulizeni Mtoto Mwenyewe

Wadogo zangu, mama mmoja wa mtaa wa Majengo ameniandikia mimi yaya wenu, na nimeona nimjibu mbele yenu wote, maana wengi mna mtoto mgonjwa nyumbani au kwa jirani. Mtoto wa dada yake, mvulana wa miaka tisa, ana saratani ya damu. Akina mama wa parokia wamechanga pesa wamfanyie karamu kubwa: vikwembe vya sare, muziki, mpiga picha. Lakini mtoto mwenyewe, kila akiulizwa anatamani nini, hujibu kwamba anataka kuona gorila. Mama anauliza amwambie mtoto nini.

Mama, ubarikiwe kwa kumuuliza. Wengi wetu hatuulizi. Mtoto akishaugua, watu wazima tunamwamulia kila kitu: saa ya dawa, saa ya sindano, nani aingie kumsalimia. Mwishowe tunamwamulia hata furaha yake.

Huko Marekani kuna shirika linaloitwa Make-A-Wish, kazi yake ni kutimiza matamanio ya watoto wenye magonjwa makali. Lilianzia kwa mtoto mmoja wa Arizona, Chris Greicius, mwenye miaka 7, aliyeugua saratani ya damu na kutamani kuwa polisi. Mwishoni mwa Aprili 1980 polisi wa jimbo lile walimpandisha helikopta, wakamwapisha, wakamshonea sare ya kipimo chake. Siku chache baadaye, tarehe 3 Mei, alifariki. Leo shirika hilo linafanya kazi katika nchi nyingi, na utaratibu wake ni huu: wanaojitolea wanamwendea mtoto na kumsikiliza yeye, daktari anasema kama afya yake inaruhusu, kisha wazazi na ndugu zake wanaingizwa katika furaha hiyo. Tena si kwa wanaokaribia kufa peke yao. Wengi wa watoto hao hupona na kukua. Kwa hiyo mtoto wenu akisikia anaandaliwa jambo zuri, asidhani anaagwa, na ninyi msiongee kwa sauti ya matanga mbele yake.

Utaratibu huo hauhitaji ofisi wala helikopta. Kikundi cha likelemba, cha kuchangiana pesa kwa zamu, kinauweza.

Sasa hiyo karamu. Dawa za saratani zinashusha kinga ya mwili. Mtoto aliye katikati ya matibabu, mafua ya mgeni mmoja yanaweza kumrudisha hospitali usiku uleule. Kumweka kwenye ukumbi uliojaa watu, kila mmoja akitaka kumkumbatia na kupiga naye picha, ni hatari, hata kama nia ni njema. Kabla ya kupanga siku yoyote, nendeni kwa daktari wake mkaulize: aruhusiwe kukaa na watu wangapi, ale nini, lini damu yake itakuwa na nguvu kidogo.

Na gorila? Mama, usimdanganye. Katika Mbuga ya Virunga, anayepanda kwenda kuwaona gorila lazima awe ametimiza miaka 15, na mwenye ugonjwa wa kuambukiza haruhusiwi, kwa sababu gorila wanaambukizwa mafua yetu na yanaweza kuwaua. Juu ya hayo mnajua wenyewe barabara zetu zilivyo na vita. Mtoto aliyeahidiwa kitu kisichowezekana atahesabu siku, na utashindwa kumtazama usoni.

Kaa naye uulize zaidi. Gorila wana nini kinachokuvutia? Labda atakuambia ni yule mlinzi wa mbuga aliyemwona kwenye picha, amevaa kijani, amebeba gorila yatima mgongoni. Basi anachotamani ni kuwa mlinzi, na fundi wa cherehani pale soko la Virunga mjini anaweza kumshonea sare yenye jina lake kifuani. Labda anataka tu kuona mnyama mkubwa, au kutoka nje ya chumba anachougulia na kuona msitu. Kila jibu lina njia yake.

Jambo jingine nalisema kwa uchungu: mtoto mwenye maumivu hana nafasi ya kutamani kitu. Huko Kampala, daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akaeneza morfini ya maji, dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa anaimeza akiwa nyumbani kwake. Kama mtoto wenu analia usiku, hilo ndilo la kwanza kumpelekea daktari, msikubali kuambiwa ni kawaida ya ugonjwa. Muulizeni waziwazi kama dawa ya maumivu ipo, na morfini inapatikana wapi.

Pesa zilizochangwa, mama, ongea na wenzako. Wengine huvuka mpaka hadi Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa mwaka 2012. Nauli, chakula cha anayemlinda mgonjwa, kulala, vyote vinakula pesa kuliko mnavyofikiri. Tengeni kwanza hizo, mlipe dirishani hospitali na kuchukua risiti. Vikwembe vya sare viachwe. Furaha ya mtoto ipate sehemu yake, ndogo lakini ya uhakika, isije ikamezwa yote na bili.

Mpiga picha pia nasema hapana, isipokuwa mtoto mwenyewe akimwomba. Picha ya kichwa kisicho na nywele ikizunguka kwenye simu za mji mzima, hairudi. Kuna wanaoichukua na kujiombea pesa wenyewe.

Halafu umeniandikia mstari mmoja kuhusu dada mkubwa wa mtoto huyo, anayepika na kufua tangu mama yao ahamie hospitali. Huyo naye kaa naye jioni moja, umuulize anatamani nini.