Kuunga injini ya shanti kwa bamba la shaba

Ukitaka kuunga mfano wa injini ndogo ya dizeli ya shanti, pima reli kabla hujalipa. Reli yetu ya Kigoma ina upana wa mita moja, ileile Wajerumani waliyoifikisha ziwani mwaka 1914. Seti nyingi za Ulaya zimetengenezwa kwa reli ya milimita 1,435, na injini yake juu ya njia yetu inakaa kama mtu aliyeazima suruali. Mimi nafuata kipimo cha 1 kwa 87: mita moja inakuwa milimita 11.5, na vipande vya njia ya milimita 12 vinauzwa kwa sababu Waswisi nao wana reli nyingi za mita moja. Anayetaka kitu kikubwa cha kuendesha uani, chini ya mwembe, achukue 1 kwa 22.5 na njia ya milimita 45. Njia ya milimita 16.5 waachie watakaounga mfano wa SGR, reli ya kisasa ya milimita 1,435.

Kwa nini shanti, na si kile kichwa kikubwa kinachovuta abiria kutoka Dar es Salaam? Kwa sababu ni fupi, ina magurudumu manne, na kazi yake inaenea juu ya meza: kusukuma behewa hadi gatini, kuliacha, kurudi kuchukua jingine. Bandari ya Kigoma ndivyo inavyofanya kazi.

Seti huja bapa ndani ya bahasha. Bamba la shaba ya manjano hupakwa utando, humulikwa mwanga kupitia mchoro, kisha hutumbukizwa kwenye kloridi ya chuma inayokula pale pasipo na utando. Panapoliwa upande mmoja tu, unene hubaki kama nusu, na hapo ndipo pa kukunjia. Mfereji wa kukunjia ukae ndani ya kona, isipokuwa maelekezo yaseme vingine. Ribiti zimewekewa vishimo kwa nyuma. Vibonyeze kwa msumari uliotiwa ubutu, bamba likiwa bado limelala juu ya ubao. Ukishakunja, hupafikii tena.

(Watu wa hapa tusiogope seti. Meli ya Liemba yenyewe ilikuwa seti: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaja kuungwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Zile zilikuwa ribiti za kweli.)

Kulehemu ndiko kunakowashinda wengi, na mwalimu bora hayumo kwenye karatasi ya maelekezo. Nenda ukakae na fundi bati anayetengeneza koroboi. Mimi nilikaa na mzee mmoja wa Ujiji, nikamwonyesha kipande changu chenye uvimbe wa risasi.

“Mwanangu, bati lako lina baridi,” akasema. “Wewe unapasha risasi.”

Ndiyo siri yote. Shaba hunyonya moto haraka, kwa hiyo pasi ya kulehemu ya wati 25, ile ya fundi redio, haitoshi. Tafuta ya 50 au zaidi. Sugua sehemu ya kuunga mpaka ing'ae, paka dawa ya kulehemu, gusisha pasi kwenye shaba yenyewe, na risasi itakimbilia ndani ya ungio. Anza na risasi ya kawaida, inayoyeyuka karibu na nyuzi 190. Vipande vidogo vinavyofuata vitumie ya nyuzi 145, ili ungio la kwanza lisifumuke. Vile vya kumiminwa, kama bafa, vinataka ya nyuzi 70. Kwa joto kubwa vinageuka uji.

Fremu itangulie kibanda, hata kama kibanda ndicho kinachokutamanisha. Vile vyuma vya ubavuni vinavyounganisha magurudumu vitumie kama kipimo: umbali wa matundu yake uwe sawasawa na umbali wa ekseli, la sivyo injini itachechemea. Ekseli moja ikae imara, nyingine iachiwe icheze juu na chini kidogo ili magurudumu yote manne yaguse reli. Na usichague gia ya mbio. Ya 40 kwa 1 inaipa injini mwendo wa kutambaa, nao ndio mwendo wa shanti.

Injini nyepesi huteleza, kwa hiyo jaza uzito. Risasi za nyavu zinafaa kabisa. Zigawe ili uzito uangukie katikati ya ekseli mbili, kisha nawa mikono kwa sabuni. Mota ni ya volti 12, hivyo betri ya bodaboda pamoja na kidhibiti mwendo inatosha umeme ukikatika.

Ijaribu ikiwa tupu, kabla ya rangi. Ikitambaa vizuri, ioshe kwa maji ya ndimu, mswaki na sabuni ya vyombo, suuza, anika. Dawa ikibaki kwenye kona, shaba huota kutu ya kijani chini ya rangi, na unyevu wa ziwani huharakisha. Rangi ya chini iwe ya kushika metali, ya juu hata ile ya gari inayopulizwa, mikono miwili myembamba. Vioo vya madirisha vikate kwenye kifuniko cha plastiki cha CD kuukuu, uvibandike mwisho kabisa, rangi ikishakauka.