Nauli ya Kufika Hospitali: Ushirikiano wa Huduma za Afya na Jamii kwa Wanawake Wenye Fistula

Fistula ya uzazi ni tundu linalotokea kati ya uke na kibofu cha mkojo, au kati ya uke na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kutokana na uchungu pingamizi uliodumu muda mrefu bila msaada wa upasuaji. Kichwa cha mtoto hukandamiza tishu za mama kwenye mifupa ya nyonga. Damu hukosa kufika mahali hapo, tishu hufa, na tundu hubaki. Mara nyingi mtoto hufariki. Mama huanza kuvuja mkojo au kinyesi mchana na usiku, pasipo uwezo wa kujizuia.

Tiba ya maradhi haya ni upasuaji, na nchini Tanzania hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikiutoa bila malipo. Hata hivyo, kufuta gharama za matibabu hakukutosha kuwafikisha wagonjwa kitandani. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na mwanamke aliyeachwa na mumewe na kukoma kwenda sokoni kwa kuona haya hana pa kuitoa nauli hiyo. Maradhi yenyewe nayo humfungia njia: abiria hulalamikia harufu, na safari ya siku nzima au zaidi huwa fedheha asiyotaka kuikabili peke yake.

Mwaka 2009, mwaka mmoja baada ya Vodacom kuanzisha huduma ya M-Pesa nchini, CCBRT ilianza kutuma nauli kwa simu. Fedha hizo hupitia kwa balozi, yaani mtu wa kujitolea anayeishi karibu na mgonjwa. Aweza kuwa mhudumu wa afya, kiongozi wa eneo, au mwanamke aliyekwisha kupona. Balozi humtambua mgonjwa na kuwasiliana na hospitali. Nauli inapotumwa, huitoa kwa wakala, hukata tiketi na kumpandisha mgonjwa basi. Mgonjwa akishafika hospitalini, ndipo balozi naye hutumiwa kifuta jasho.

Utaratibu huu husifiwa zaidi kwa ajili ya simu, ilhali simu ni sehemu yake nyepesi. Uzito uko kwa balozi. Mgonjwa aliyewahi kuambiwa kwamba amerogwa, au kwamba ameadhibiwa kwa kosa fulani, haamini tangazo la redio kama anavyomwamini jirani aliyekaa naye mkekani. Kifuta jasho kutolewa baada ya mgonjwa kufika kuna maana pia: kazi ya balozi hupimwa kwa kufika kwa mgonjwa, si kwa idadi ya majina aliyoyaandika.

Kwa mhudumu wa zahanati, mchango wa kwanza ni kuuliza. Mama aliyejifungua kwa shida aulizwe faraghani, bila kukunja uso: “Je, mkojo hukutoka muda wote, hata ukiwa umelala?” Tundu dogo likigunduliwa mapema, mpira wa mkojo unaoachwa kwa wiki kadhaa chini ya uangalizi waweza kulifanya lijifunge lenyewe. Kwa hiyo kumwambia mama asubiri miezi kadhaa nyumbani aone kama hali itabadilika ni kumpotezea nafasi. Wagonjwa wengi hupunguza maji ya kunywa ili wavuje kidogo. Mkojo huwa mkali na kuunguza ngozi. Washauriwe kunywa maji ya kutosha na kuosha ngozi mara kwa mara.

Sehemu dhaifu ya ushirikiano huu ni safari ya kurudi. Baada ya upasuaji mgonjwa hutakiwa kujiepusha na tendo la ndoa kwa miezi kadhaa, kadiri atakavyoelekezwa na daktari, na akipata ujauzito tena kwa kawaida hushauriwa kujifungua hospitali kwa upasuaji. Agizo la kwanza haliwezi kutekelezwa na mwanamke peke yake iwapo mume hakuelezwa. Aidha, wapo ambao tundu lao limezibwa lakini mkojo ungali ukiwatoka; hao wasihesabiwe kuwa wamepona na kuachwa. Afisa ustawi wa jamii, mtendaji wa kijiji na viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa wajulishwe, kwa ridhaa ya mgonjwa, ili apate mahali pa kuanzia: mtaji mdogo, shamba, au nafasi ya kuketi tena na wenzake.

Barua ya ruhusa ya hospitali yafaa itolewe nakala mbili, moja ya mgonjwa na nyingine ya zahanati ya kijijini kwake. Mkunga atakayempokea miaka miwili baadaye, usiku, uchungu ukiwa umeanza, huenda asiwe yule aliyempa rufaa.